Kipaza Sauti: Jina Moja kwa Vyombo Vitatu

Neno kipaza sauti ni miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kiliyaunda vyema, na kisha watumiaji wakayatwisha mzigo usio wao. Msemaji wa mkutano wa hadhara huombwa asogee karibu na kipaza sauti. Gari la matangazo hupita mitaani likiwa limefungwa vipaza sauti juu. Na sanduku la umeme linaloitia sauti nguvu linapoungua, watu husema kipaza sauti kimeharibika. Vyombo hivyo ni vitatu, kazi zake ni tatu, na kasoro zake hazifanani hata kidogo. Lakini jina ni moja. Makala haya yanakusudia kuchunguza madhara ya mazoea hayo, pamoja na maneno mengine machache yanayofuatana nayo, na kutoa mapendekezo. Uwanja wa uchunguzi wetu ni mahali ambapo madhara hayo ni rahisi kuyaona: nyumba za ibada za Tunduma na za mkoa wa Songwe kwa jumla, ambako waumini hujinyima ili wanunue vyombo vitakavyomwezesha mtu wa kiti cha nyuma kuyapata maneno ya mhubiri.

Yafaa kwanza kueleza kwa nini Songwe. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka mkoa wa Mbeya, na makao yake makuu yako Vwawa. Tunduma ni mji wake wa mpakani, ambako barabara kuu itokayo Dar es Salaam huingia Zambia, na ambako reli ya TAZARA pia hupita. Kituo cha pamoja cha forodha baina ya Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019. Malori hayakomi, na muungurumo wake huingia madirishani mwa kila jengo lililo karibu na barabara. Tena, Kiswahili kwa watu wengi wa mkoa huu ni lugha ya pili. Wako wenye Kinyamwanga, ambacho husemwa pande zote mbili za mpaka. Wako wenye Kinyiha kule Mbozi, na wenye Kindali kule Ileje. Ni jambo linalofahamika katika elimu ya lugha kwamba msikilizaji wa lugha ya pili huumizwa zaidi na kelele kuliko msikilizaji wa lugha ya kwanza, maana hana akiba kubwa ya kumwezesha kubahatisha sauti iliyopotea. Basi mahali hapa, zaidi ya pengine, vyombo vibovu humnyima mtu maana yenyewe.

Wamisionari wa Moravian walipoanza kazi katika nyanda hizi miaka ya 1890, hawakuwa na umeme wala waya. Mhubiri alitegemea kifua chake, na jengo lilipimwa kwa uwezo wa kifua hicho. Leo majengo yamekuwa makubwa, kuta ni za matofali yaliyopigwa lipu, sakafu ni ya saruji, paa ni la bati, na kifua cha mhubiri kimewekewa msaidizi. Msaidizi huyo ndiye tusiyejua kumtaja.

Mnyororo wa vyombo

Safari ya sauti ni hii. Mhubiri hutamka. Chombo cha kwanza, kilicho mbele ya kinywa chake, huipokea sauti na kuigeuza kuwa umeme hafifu. Chombo cha pili huuchukua umeme huo, huurekebisha na kuutia nguvu. Chombo cha tatu huugeuza umeme huo kuwa sauti tena na kuitupa hewani. Mafundi wetu huvitofautisha vyombo hivi bila taabu yoyote: husema maiki, miksa, amplifaya na spika, na kazi nzima huiita kufunga vyombo. Wenye taabu ni sisi wa maandishi: wafasiri, walimu na maofisa, ambao tukishika kalamu huona haya kuandika maiki, tukaandika kipaza sauti; tukiona haya kuandika spika, tukaandika kipaza sauti; na tukifika kwenye amplifaya tukaandika hivyo hivyo.

Tuchukue mfano. Vitabu vya maelekezo vinavyofuatana na vyombo hivi huwa na onyo moja ambalo halikosekani: maiki isiwekwe mbele ya spika wala isielekezwe kwenye spika. Mfasiri anayefuata mazoea tuliyoyataja atalazimika kuandika hivi: “Usiweke kipaza sauti mbele ya kipaza sauti, wala usielekeze kipaza sauti kwenye kipaza sauti.” Sentensi hiyo haina kosa la sarufi hata moja, na haina maana hata moja. Mtu aliyeifuata kwa uaminifu hawezi kujua alichokatazwa.

Mfano wa pili unahusu maofisa. Kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kudhibiti kelele na mitetemo zilitungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, nazo zinazihusu nyumba za ibada kama zinavyozihusu baa na viwanda. Tuseme ofisa wa mji anaandika barua kwamba “vipaza sauti vyote viondolewe nje ya jengo”. Je, amekataza spika zilizotundikwa nje kuelekea mtaani, au amekataza pia maiki ya mwalimu anayefundisha watoto chini ya mti? Mwenye nia njema atauliza; mwenye nia mbaya atajitetea kwa neno lenyewe. Amri isiyotaja kitu kwa jina lake haiwezi kusimamiwa kwa haki.

Mfano wa tatu ni wa manunuzi. Orodha inayosema “vipaza sauti 4” ikipelekwa dukani Mbeya, umbali wa kilomita 100 hivi, aliyeiandika hayupo kunyoosha kidole. Vitakavyoletwa vinaweza kuwa maiki nne mahali palipohitajika spika nne, na fedha za michango zikawa zimekwisha.

Jina linavyofundisha

Ingekuwa hasara ni hiyo tu, tungesema ni tatizo la makarani. Lakini jina la chombo humfundisha mtumiaji kazi ya chombo. Kitenzi paza kimetokana na paa, yaani kwenda juu. Kupaza ni kufanya kitu kiende juu. Kwa hiyo mtu aliyezoea kuviita vyombo vyote vipaza sauti hufikiri kwamba kazi ya vyombo vyote ni kupandisha sauti. Waumini wa nyuma wakilalamika kwamba hawapati maneno, tiba inayokuja upesi ni kupaza zaidi: kuongeza nguvu, kununua spika kubwa zaidi, kuita mchango mwingine. Na mara nyingi ugonjwa huzidi.

Sababu yake imo katika maumbile ya usemi. Irabu ndizo zinazobeba ukubwa wa sauti, bali konsonanti ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya maana. Mtu asiyesikia konsonanti hawezi kutenga tubu na tupu, wala neno na meno, wala panda na banda. Mhubiri anayewaambia watu watubu, na watu wakasikia tupu, hakukosa sauti, alikosa ubainifu. Nguvu za konsonanti nyingi ziko katika sauti nyembamba, hasa baina ya hezi 2,000 na 4,000, nazo ni hafifu. Nguvu za irabu na za mngurumo wa jengo ziko katika sauti nene. Spika kubwa zinazopendwa kwa besi ya muziki huongeza zile nene, nazo huzifunika zile nyembamba. Ndiyo maana fundi ajuaye kazi yake hukata sauti zote zilizo chini ya hezi 100 hivi katika maiki ya mhubiri, na msikilizaji hushangaa kwamba punguzo limeleta faida.

Hapa kuna kasoro nyingine ya lugha. Tunasema “sauti ya juu” kwa maana ya sauti kubwa, na pia kwa maana ya sauti nyembamba. Tunasema “sauti ya chini” kwa maana ya sauti ndogo, na pia kwa maana ya sauti nene. Mzee wa kanisa akimwambia kijana wa mitambo “punguza sauti ya chini”, amri hiyo ina maana mbili. Kiswahili hakikosi maneno. Tangu zamani husema sauti nene na sauti nyembamba, sauti kubwa na sauti ndogo. Yafaa tuyashike hayo manne, na kuacha juu na chini kwa mambo ya ngazi.

Mwangwi, mvumo na mrejeo

Neno lingine lililotwishwa mizigo ni mwangwi. Katika majengo ya ibada hutumiwa kwa mambo matatu yasiyofanana, na kila jambo lina tiba yake.

La kwanza ni mwangwi hasa: sauti inayogonga ukuta wa mbali na kurudi peke yake, ikasikika kama neno lililosemwa mara ya pili. Sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Ikiwa nakala ya pili inachelewa zaidi ya sehemu 5 za 100 za sekunde, sikio huanza kuitenga na ile ya kwanza. Jambo hili huwapata hata wale wanaotundika spika za pili katikati ya ukumbi mrefu. Msikilizaji husikia kwanza spika iliyo karibu naye, kisha husikia ile ya mbele ikifika nyuma yake kwa wakati. Dawa yake ni kuichelewesha kidogo sauti ya spika ya karibu ili zote mbili zimfikie pamoja, na miksa nyingi za siku hizi zina kifaa cha kufanya hivyo.

La pili ni ule mfululizo wa sauti zinazorudi kutoka pande zote za jengo kwa wingi hata zisitengane, zikabaki zikivuma baada ya mtu kunyamaza. Huo tunapendekeza uitwe mvumo. Mtu aliyeutafutia hesabu ni Wallace Clement Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye mwaka 1895 alipewa kazi ya kuponya ukumbi mmoja wa mihadhara ambamo maneno hayakusikika. Alibeba mito ya viti usiku, akaiingiza na kuitoa, akapima muda ambao sauti ilidumu. Akaona kwamba muda huo hutegemea mambo mawili: ukubwa wa jengo, na kiasi cha vitu vinavyofyonza sauti.

Tuitumie hesabu yake. Chukua ukumbi wenye urefu wa mita 30, upana wa mita 15 na kimo cha mita 6. Ujazo wake ni mita za ujazo 2,700. Tuchukulie kwamba saruji, lipu na bati hufyonza, kwa wastani, sehemu 4 tu katika kila 100 za sauti inayozigonga. Ukumbi huo ukiwa mtupu, mvumo wake utadumu sekunde 7 na nusu hivi. Wakiingia watu 400, miili na nguo zao hufyonza sauti, na mvumo hushuka hadi sekunde 2 hivi. Kwa usemi, inatakiwa sekunde 1 au karibu yake. Ndiyo kusema kwamba vyombo vilivyojaribiwa Jumamosi katika ukumbi mtupu havikujaribiwa katika hali ya Jumapili. Na kwamba hata Jumapili, silabi moja bado inavuma wakati silabi kadhaa nyingine zimekwisha kutamkwa. Ukiongeza nguvu za spika, unauongeza mvumo kwa kiasi kile kile unachoongeza neno. Dawa ni mapazia mazito kwenye ukuta wa nyuma, dari ya kufyonza sauti chini ya bati, na spika zinazoelekezwa kwa watu na si kwa kuta. Dari hiyo itasaidia pia wakati wa masika, maana mvua ikipiga bati tupu hakuna chombo kitakachoishinda.

La tatu ni ule mluzi mkali unaowafanya watu wazibe masikio. Huu si mwangwi wala si mvumo. Sauti imetoka kwenye spika, imerudi ndani ya maiki, imekuzwa, imetoka tena, imerudi tena, na kila mzunguko umeongeza nguvu hata chombo kikapiga mluzi. Tunapendekeza uitwe mrejeo wa sauti. Hatusemi mrejesho, kwa sababu neno hilo limekwisha kushika maana ya maoni yanayoletwa na watu baada ya kazi. Tena rejesha kunahitaji mrejeshaji, ambapo hapa sauti hurejea yenyewe. Dawa ya mrejeo ni ya bure. Maiki isogezwe: kupunguza umbali wake na kinywa kwa nusu huongeza desibeli 6 hivi za sauti ya msemaji. Maiki zisizotumika zizimwe: kila idadi ya maiki zilizo wazi inapoongezeka maradufu, fundi hulazimika kupunguza ukuzaji kwa desibeli 3 hivi. Na spika ziwekwe mbele ya mstari wa maiki.

Sasa fikirini mhubiri anayelalamika kwamba “kuna mwangwi”. Kijana wa mitambo hutazama miksa yake, huona kitufe cha eko, yaani mwangwi wa kutengeneza unaowekwa kuipamba sauti ya mwimbaji, hukipunguza, kisha huketi akiwa na hakika kwamba ametii. Kumbe tatizo lilikuwa ni mvumo wa jengo. Wote wawili wana haki. Neno ndilo lililowagombanisha.

Juu ya pingamizi

Wako watakaosema kwamba muktadha hutosha, na kwamba hakuna aliyewahi kuikosa maiki kwa sababu ya kamusi. Hoja hiyo ni kweli kwa watu wawili waliosimama chumba kimoja. Haiwi kweli kwa barua, kwa kitabu cha maelekezo, kwa orodha ya manunuzi, wala kwa mtihani wa chuo cha ufundi. Istilahi huundwa kwa ajili ya watu wasioonana.

Wako pia wanaotaka maiki iitwe kinasa sauti. Nia yao ni njema, lakini hatuwezi kukubaliana nao. Kunasa ni kushika kitu kisitoke. Maiki haishiki kitu; huipitisha sauti papo hapo. Chombo kinachoishika sauti ili isikilizwe kesho ni kile cha kurekodi, nacho jina la kinasa sauti kimekwisha kulizoea. Tukimpa jina hilo mwingine, tutakuwa tumeondoa mgongano mmoja na kuleta mwingine.

Na wako watakaochukizwa na maneno ya mkopo. Kwao tunasema kwamba Kiswahili hakikupungukiwa kwa kukopa redio, wala meza, wala karatasi. Neno maikrofoni limekwisha kuvaa vazi la Kiswahili na halina maana nyingine ya kugongana nayo. Spika nalo lina jina-mwenzi katika Bunge, lakini hatujasikia mtu aliyekwenda dukani kumnunua Spika wa Bunge. Mkopo unaotenga dhana ni bora kuliko neno la asili linalozichanganya.

Mapendekezo

Kwa hiyo tunawaomba wafasiri, walimu na maofisa wayafikirie majina haya, wayajaribu katika kazi zao, na watuletee maoni yao:

Maikrofoni, au maiki katika mazungumzo: chombo kinachopokea sauti na kuigeuza kuwa umeme.

Miksa: chombo kinachopokea umeme wa maikrofoni moja au zaidi, na kuzirekebisha, kuzifungua na kuzifunga.

Kikuza sauti, au amplifaya: chombo kinachoutia nguvu umeme unaobeba sauti.

Kipaza sauti, au spika: chombo kinachougeuza umeme kuwa sauti na kuitoa hewani. Neno hili lisitumiwe kwa chombo kingine chochote.

Kinasa sauti: chombo cha kurekodi, na hicho tu.

Mwangwi: sauti inayorudi na kusikika peke yake.

Mvumo: sauti zinazobaki jengoni baada ya chanzo kunyamaza.

Mrejeo wa sauti: sauti ya kipaza kurudi ndani ya maikrofoni na kukuzwa tena.

Sauti nene na sauti nyembamba. Sauti kubwa na sauti ndogo: jozi ya kwanza kwa aina ya sauti, ya pili kwa kiasi chake.

Usikivu: kiasi ambacho sauti inafika.

Ubainifu wa matamshi: kiasi ambacho maneno yanatengana na kueleweka.

Mawili ya mwisho yanastahili maelezo. Tumekwisha kuzoea kusema usikivu wa redio, hasa katika wilaya za mipakani ambako mawimbi ya nchi jirani huingia. Usikivu ni jambo jema, lakini mtu anaweza kusikia sana asielewe kitu. Kamati ya kanisa inayokaa kupima vyombo vyake isiulize tu kama watu wa nyuma wanasikia. Mtu mmoja asimame mimbarini na kusoma maneno 50 yasiyopangwa kwa maana, kama tubu, meno, banda, tupu, panda na neno. Mwingine aketi nyuma na kuyaandika. Kisha orodha mbili zilinganishwe. Kazi hiyo haihitaji fundi wala fedha, na hufanyika katika dakika chache. Ikiwa maneno mengi yamekosewa, kamati itajua kwamba upungufu wake ni wa ubainifu, na itaanza kwa kuzima maiki zisizotumika, kuisogeza ile inayotumika, na kutundika pazia, kabla ya kuwaita waumini kuchangia kipaza sauti kikubwa zaidi.